Damu ya mama mkubwa kwanza, yako baadaye

Msomaji wa Tanga, mwenye miaka 34, ameandika hivi:

"Shikamoo daktari. Mama yangu alifariki kwa saratani ya titi akiwa na miaka 43. Bibi mzaa mama naye aliondoka na kitu walichokiita uvimbe wa tumbo, mimi sijazaliwa. Sasa mama mkubwa, dada yake mama, anatibiwa saratani ya vifuko vya mayai, ana miaka 61. Kaka yangu aliyeko Marekani anataka kunitumia kile kipimo cha jeni cha kutemea mate. Mume wangu anasema niachane nayo, anayetafuta hakosi. Nina mabinti wawili, wa miaka 9 na 6, na tulitaka mtoto mmoja zaidi. Upande wa baba pia, shangazi alifariki kwa saratani ya mlango wa kizazi. Nipime au niache?"

Marahaba dada yangu, na pole kwa mama. Jibu lenyewe hili hapa, maelezo yatafuata: usitangulie kupima wewe. Apime mama mkubwa, kama atakubali, na asicheleweshwe.

Kwanza tumtoe shangazi kwenye hesabu. Saratani ya mlango wa kizazi huletwa karibu yote na kirusi cha HPV kinachoambukizwa kwa kujamiiana. Haina uhusiano na hii ya upande wa mama. Anachonikumbusha shangazi ni huyo binti yako wa miaka 9: tangu Aprili 2024 chanjo ya HPV nchini inatolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Kama shuleni walipita akakosa, mpeleke kituo cha afya wiki hii. Hilo halihitaji kusubiri majibu ya mtu yeyote.

Sasa turudi upande wa mama, maana huko ndiko kunakonitia wasiwasi. Saratani nyingi hazirithiwi. Zinazotokana na jeni mbovu ya kuzaliwa nayo ni kama 5 hadi 10 kati ya kila 100. Mwanamke mmoja kupata saratani ya titi akiwa na miaka 70 hakunishtui. Lakini mwanamke kuipata kabla ya miaka 50, dada yake wa tumbo moja akapata ya ovari (ndivyo vifuko vya mayai), na mama yao akafa na "uvimbe wa tumbo", hapo ningekuwa mzembe nikikwambia ni bahati mbaya tu. Jina hilo la uvimbe wa tumbo nimelikuta kwenye faili za wazee wengi, na mara nyingine ilikuwa ovari ambayo hakuna aliyeipima.

Jeni tunazozishuku ni BRCA1 na BRCA2. Kila mtu ana nakala mbili za kila moja, ya baba na ya mama. Kazi yake ni ya fundi: DNA, ule uzi wenye maandishi ya jeni zetu, ikikatika ndani ya seli, hizi husaidia kuiunga sawasawa. Aliyerithi nakala moja mbovu bado ana ile nyingine nzima, ndiyo maana anazaliwa mzima na anakua bila tatizo. Shida huja ile nzima nayo ikiharibika kwenye seli ya titi au ya ovari. Seli hiyo inabaki bila fundi, makosa yanarundikana. Mwenye nakala mbovu humpa kila mtoto ama ile mbovu ama ile nzima, nusu kwa nusu, awe wa kike au wa kiume. Kama mama yako alikuwa nayo, basi wewe unayo au huna, na uwezekano ni sawa kwa sawa. Kufanana naye sura hakuongezi kitu, ingawa kila mwezi kuna mtu anayeniambia, "Mimi ndiye niliyetoka mama mtupu."

Kuna wanaosema haya ni mambo ya Wazungu. Nigeria walipima wanawake 1,136 wenye saratani ya titi, matokeo yakachapishwa mwaka 2018, na karibu 15 kati ya kila 100 walikutwa na jeni mbovu za kurithi, nyingi zikiwa hizi hizi BRCA. Tulichopungukiwa Afrika ni vipimo tu.

Kwa nini aanze mama mkubwa? Chukulia jeni ya BRCA2 kama kitabu chenye herufi zaidi ya 10,000, na kosa la ukoo wenu, kama lipo, limejificha kwenye neno moja tu. Mama mkubwa tayari anaumwa ugonjwa wenyewe, kwa hiyo yeye ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kuwa na hicho kitabu chenye kosa. Kwake tutasoma kurasa zote. Likionekana, wewe tutakufungulia ukurasa ule ule tu, na jibu lako litakuwa ndiyo au hapana isiyo na utata. Ukikutwa huna, umetoka kwenye hatari ya ukoo, na mabinti zako wametoka pamoja nawe.

Ukianza wewe, majibu yakaja safi, nitakuwa na kazi ngumu ya kukueleza. Huenda kosa lipo kwenye ukoo na wewe hukulirithi. Huenda pia ukoo wenu una tatizo kwenye jeni nyingine ambayo maabara haikuiangalia, na wewe unalo. Karatasi ni ile ile, imeandikwa "hakuna kilichoonekana". Nimeona watu wakishangilia karatasi hiyo, wakaacha kabisa kwenda kliniki ya matiti.

Mama mkubwa mwenyewe naye ana faida yake. Miongozo ya tiba siku hizi inataka karibu kila mwanamke mwenye saratani ya ovari ya aina iliyo ya kawaida apimwe jeni hizi, hata kama hakuna mgonjwa mwingine nyumbani, kwa sababu jibu linabadilisha matibabu. Vipo vidonge kama olaparib, vilivyoanza kuidhinishwa mwaka 2014, vinavyofanya kazi vizuri zaidi kwa wenye BRCA mbovu. Bei yake ni kali, sitakudanganya. Hata hivyo daktari wake anapaswa kujua. Muulize kama ameshapimwa. Isije ikawa majibu yapo kwenye faili na hakuna aliyewaeleza.

Jinsi ya kumwambia ndiko wengi wanakokwama. Usimpigie simu. Nenda, kaa naye siku mbili tatu, umsaidie kazi, na umshirikishe kwanza binti yake au yule mtoto anayemsindikiza hospitali. Wazee wa rika lake wakisikia "ugonjwa wa ukoo" wanasikia mambo mawili: kuna aliyetulaani, au mimi ndiye niliyewaambukiza watoto. Mama mmoja alilia kwenye kliniki yangu kabla hata sijamaliza sentensi, akasema, "Kwa hiyo binti yangu nilimuua mimi?" Tangu siku hiyo naanza na bibi wa bibi. Namwambia mzee: hii wewe umeipokea, hukuitengeneza, na hata aliyekupa alipewa. Kisha namwambia kuwa damu yake, vijiko vya chai viwili hata havijai, inaweza kuwafaa watoto wote wa ukoo. Wengi husimama hapo hapo kukunja mkono wa nguo. Akikataa, amekataa, usimzungushe kupitia kwa shehe au mchungaji. Mrudie baada ya mwezi.

Na kama hatakubali, au Mungu akamchukua kabla, bado kuna mlango mdogo. Idara ya patholojia ya hospitali alikofanyiwa upasuaji kwa kawaida hutunza vipande vya nyama vilivyoshikwa kwenye nta. Hata kipande cha mama yako kinaweza kuwa kipo kwenye kabati mahali fulani. Majibu ya nyama ya uvimbe si mazuri kama ya damu, kwa sababu uvimbe una mabadiliko yake mwenyewe yasiyorithiwa, lakini yanaweza kutuonyesha pa kuangalia.

Kabla ya yote hayo, chukua karatasi kubwa uchore ukoo. Wanawake duara, wanaume mraba. Anza na wewe, panda hadi kwa bibi na babu, na usiwasahau wajomba na mama wadogo waliokufa bila watu kuwazungumzia. Mwenye saratani mtie wino, aliyefariki mkatize mstari. Pembeni andika ugonjwa ulianzia wapi na akiwa na umri gani. Umri alipougua ndio ninaoutaka kuliko umri aliofia. Karatasi hiyo ikiwa nzuri, nusu ya mazungumzo yetu imekwisha.

Sasa mume wako. Simlaumu, na sitaki umshinde kwa hoja. Anayosema yana ukweli wake: kuna majibu ambayo mtu akishayajua hawezi kuyasahau. Kwa hiyo kabla ya kutoa damu ukae naye mjiulize, ikiwa unayo, mtafanya nini? Kama jibu lenu ni "hatutafanya chochote, tutamwachia Mungu," mimi nitawaambia msipime sasa. Kipimo kisicho na hatua inayofuata ni mzigo tu. Hali kadhalika ukiwa mjamzito, ukiwa kwenye msiba, au ndoa ikiwa inayumba, subiri. Jeni haitakimbia.

Lakini ili mjibu swali hilo ni lazima mjue hatua zenyewe, na hapa naomba usome pole pole.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kuwa kati ya wanawake 100 wenye BRCA1 mbovu, 72 watapata saratani ya titi kabla ya kufika miaka 80. Kwa BRCA2 ni 69. Saratani ya ovari ni 44 kwa BRCA1 na 17 kwa BRCA2. Familia zilizohesabiwa zilikuwa za Ulaya, Marekani na Australia zaidi, kwa hiyo zichukue tarakimu hizo kama kipimo cha ukubwa wa jambo, usizichukue kama hukumu yako. Na uone pia upande wa pili: katika hao 100, wapo karibu 30 ambao titi halikuwahi kuumwa.

Ovari ndiyo inayoninyima usingizi kuliko titi. Titi linashikika, linapigwa picha. Ovari imejificha, na hatuna njia ya kuikagua inayookoa maisha. Uingereza walifuatilia wanawake zaidi ya 200,000 kwa altrasaundi na kipimo cha damu cha CA-125. Matokeo ya mwisho ya mwaka 2021 yakaonyesha vifo havikupungua. Hao walikuwa wanawake wa kawaida, ila mpaka leo hata kwa wenye jeni hakuna kipimo ninachoweza kukuapia. Kwa hiyo ushauri unabaki kuondoa ovari na mirija yake mtu akishamaliza kuzaa: kati ya miaka 35 na 40 kwa mwenye BRCA1, na 40 hadi 45 kwa mwenye BRCA2. Hatari ya saratani hiyo inashuka kwa asilimia 80 au zaidi. Kizazi chenyewe si lazima kitolewe. Wengi hawalijui hilo na ndilo linalowatisha waume. Gharama yake mwilini ipo: hedhi inakoma siku hiyo hiyo, joto la ghafla usiku, mifupa kudhoofu mapema, hamu ya tendo kushuka. Aliye mzima, ambaye hajawahi kuugua saratani ya titi, anaweza kupewa homoni hadi karibu miaka 50 kupunguza makali hayo.

Tazama umri wako sasa. Una 34, mnataka mtoto mmoja. Nafasi ipo. Hata ukikutwa na BRCA1, unaweza kuzaa, ukanyonyesha vizuri, kisha mkaja tukazungumzia upasuaji kabla ya 40. Nimeona wanandoa wakifikiri kipimo kitawazuia kuzaa, kumbe kiliwasaidia kupanga.

Kwa matiti kuna njia mbili. Ya kwanza ni kukagua kwa bidii: MRI (picha ya mashine ya sumaku) kila mwaka kuanzia miaka 25, na mamogramu (eksirei ya matiti) kuongezwa kuanzia 30. MRI ya matiti huku kwetu ipo miji mikubwa tu na ina bei; ikishindikana, mamogramu pamoja na altrasaundi kila mwaka kwa mtu mmoja anayekujua ni bora mara nyingi kuliko kuzunguka hospitali tano. Ya pili ni kuondoa matiti yote mawili kabla hayajaugua, kunakoshusha hatari kwa zaidi ya asilimia 90. Mwaka 2013 Angelina Jolie alieleza hadharani kuwa alifanya hivyo kwa sababu ya BRCA1, na mpaka leo wapo wanaodhani kupima jeni maana yake ni kukatwa matiti. Hapana. Wengi wanachagua kukaguliwa, na mimi sijawahi kumsukuma mtu kwenye uamuzi huo.

Kuna jibu la tatu ambalo hakuna anayelitegemea, na kwetu Waafrika linatokea mara nyingi zaidi: jeni imekutwa na mabadiliko, ila maana yake haijulikani. Kanzidata za dunia, yaani hazina za kumbukumbu za jeni, zimejaa watu wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo herufi iliyo ya kawaida kabisa Handeni inaonekana ngeni kwenye kompyuta ya maabara. Zikichunguzwa upya miaka ya baadaye, nyingi huonekana hazina madhara. Alinijia mama mmoja na bahasha, kila kitu tayari, akitaka nimpangie tarehe ya kutolewa ovari. Kule alikopimiwa walimwambia, "Umekutwa na jeni ya saratani." Niliposoma ukurasa wa pili, ilikuwa hii hii isiyojulikana. Alikuwa na miaka 29, hajazaa. Jibu la namna hiyo lisimpeleke mtu kwenye kisu. Unafuatiliwa kwa historia ya ukoo wako, na baada ya mwaka au miwili unaiuliza maabara kama wamebadili maelezo.

Kile cha kutemea mate cha kaka yako mwambie asante, abaki nacho. Kipimo kimojawapo maarufu cha nyumbani, kilipoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kuangalia BRCA, kiliruhusiwa kuangalia makosa matatu tu, yale yanayoonekana zaidi kwa Wayahudi wa asili ya Ulaya Mashariki. Makosa yanayojulikana kwenye jeni hizi ni maelfu. Kukuambia "huna" baada ya kuangalia machache ni kama kupekua mfuko mmoja wa shati kisha useme nyumba nzima haina funguo. Mate yenyewe hayana kosa, maabara nzuri nazo huyatumia. Kilicho muhimu ni wamesoma nini.

Usielekee pia kwa Mkemia Mkuu wa Serikali ukidhani ndipo pa kuchukulia kipimo hiki kwa kuwa redioni umesikia "DNA". Ofisi hiyo ndiyo msimamizi wa mambo ya vinasaba vya binadamu chini ya sheria ya mwaka 2009, na ndiyo inayosikika kwenye kesi za nani baba wa mtoto. Njia yako wewe inapita kliniki ya saratani: Ocean Road, Bugando, KCMC, au hospitali anakotibiwa mama mkubwa. Damu huchukuliwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, na mara nyingi sampuli husafirishwa kwenda maabara ya nje. Majibu huchukua wiki tatu, nne, wakati mwingine zaidi. Bei ilikuwa zaidi ya dola 3,000 hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua, Juni 2013, kuwa jeni ya asili haiwezi kuwa hataza (haki ya uvumbuzi) ya kampuni. Leo zipo maabara zinazosoma jeni kadhaa kwa dola mia chache. Kabla ya kulipa uliza mambo mawili tu: je, BRCA1 na BRCA2 zinasomwa zote mwanzo hadi mwisho, pamoja na vipande vikubwa vilivyopotea au kujirudia? Na nani atanikalisha kunieleza majibu? Kama la pili halina jina la mtu, ondoka.

Kaka zako usiwaache nje. Mwanaume mwenye BRCA2 mbovu ana hatari kubwa zaidi ya saratani ya tezi dume, titi lake pia linaweza kuugua, na binti zake wanarithi kwake kama wangerithi kwa mama. Huyo wa Marekani ndiye mwenye urahisi wa kupima kuliko ninyi nyote, ila naye asubiri zamu ya mama mkubwa. Mabinti zako msiwapime. Magonjwa haya ni ya ukubwani. Wakifika miaka 18 na zaidi wataamua wenyewe.

La mwisho ni midomo ya watu. Huku pwani posa ikija, ukoo unachunguzwa, na "kwao kuna kansa" ni neno linaloweza kumfuata binti. Kwa hiyo majibu hayatumwi kwenye kundi la WhatsApp la familia. Yanakwenda kwa wanaoyahitaji, mmoja mmoja, ana kwa ana. Sheria yetu ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za vinasaba kuwa nyeti, lakini sheria haimzuii wifi kuongea. Na kama mnafikiria kukata bima ya maisha, ikateni kabla ya kupima.

Mkienda na mama mkubwa kliniki, beba ile karatasi ya ukoo na kadi zake zote, hata zilizochanika. Jaribu pia kutafuta namba ya faili la mama yako, au tarehe na jina la hospitali aliyofanyiwa upasuaji wa titi. Uiandike nyuma ya karatasi hiyo hiyo, kwa kalamu isiyofutika.